Puto la hewa moto linataka baridi: kwanini jangwani mnaamshwa usiku wa manane

Kila Oktoba ikiingia, joto la Ghuba likianza kulegea, status za ndugu zetu walioko Dubai zinabadilika ghafla. Zinaanza picha za puto kubwa la rangi rangi, chini mchanga mwekundu, mbele jua linachomoza nyuma ya milima, na mtu mwenyewe kavaa jaketi zito na kofia ya sufu anacheka. Halafu maswali ni yaleyale kila mwaka. Jangwani na jaketi, wapi na wapi? Hilo dude linaendeshwaje, mbona halina usukani? Moto ukizimika angani je? Na swali ninalolipenda kuliko yote, ambalo hata watu wenye digrii zao wanauliza: kwanini wasirushe mchana, si jangwa lina joto la kutosha, hewa moto ipo bure kabisa?

Fundo lenyewe liko hapo hapo. Wengi tunaamini puto linapaa kwa sababu ya joto, na hapo ndo tunapopotea, kwa sababu joto peke yake halipandishi kitu chochote. Kinachopandisha ni tofauti kati ya joto la ndani ya puto na baridi ya nje. Ukishalishika hili moja tu, mambo mengine yote yanayoonekana usumbufu, kuchukuliwa hotelini saa tisa au saa kumi za usiku, kupimwa uzito kama mzigo wa airport, kuambiwa safari imefutwa wakati wewe unaona anga jeupe peee, kutojua mtatua wapi, yote yanajieleza.

Kwanza tuelewane tunaongelea puto gani. Kuna maputo ya gesi, yale yanayojazwa heliamu au hidrojeni halafu yanafungwa, kuanzia ya birthday mpaka lile puto la China ambalo Marekani ililidungua Februari 2023 na dunia nzima ikawa inaangalia juu wiki nzima. Hilo siyo tunalolisema hapa. Puto la hewa moto halina gesi yoyote maalum tumboni, ndani kuna hewa hii hii tunayovuta, imepashwa moto tu, na chini puto liko wazi kabisa, mdomo wake hauzibwi. Kinachobeba watu ni kikapu, na ni kikapu kweli cha kusuka kwa henzirani, siyo mapambo. Kwenye maputo ya biashara kikapu kimegawanywa vyumba vyumba ili watu wasiangukiane wote upande mmoja. Juu ya vichwa vyenu kuna majiko ya gesi, na mitungi ya kuyalisha imesimamishwa ndani ya kikapu.

Ni teknolojia ya zamani mno, watu wasidhani ni mambo ya Insta. Ufaransa, 1783, ndugu wawili wa familia ya Montgolfier, watu wa kiwanda cha karatasi, waliwarusha kondoo, bata na jogoo pale Versailles mwezi Septemba mbele ya mfalme, walipoona wanyama wameshuka wazima, Novemba 21 mwaka huohuo wakaruka watu wawili juu ya Paris kwa dakika 25 hivi. Ndege yenye injini ilikuja miaka 120 baadaye. Walikuwa wanachoma majani makavu na sufu, moshi kibao, wakidhani moshi ndo unaobeba! Puto la kisasa la kitambaa cha nailoni na jiko la gesi ni la mwaka 1960, Mmarekani anaitwa Ed Yost ndo alilirusha Nebraska, na haya tunayoyaona Dubai, Luxor, Namibia na Serengeti ni watoto wa lile la Yost.

Sasa fizikia, na naahidi haitauma. Chukua dumu tupu la lita ishirini, lifunge kifuniko, lizamishe kwenye pipa la maji. Utasukuma mpaka jasho, na ukiliachia tu linaruka juu. Dumu halina injini, haliogelei, ni maji yaliyolizunguka ndo yanalisukuma kwa sababu dumu ni jepesi kuliko maji ya ujazo uleule. Hewa nayo ina uzito, japo hatuusikii, mita moja ya ujazo wa hewa ya kawaida ina kilo moja na kidogo. Ukiipasha moto inatanuka, sehemu yake inamwagikia nje kupitia ule mdomo wa chini, na iliyobaki ndani inakuwa nyepesi kuliko ya nje. Hapo puto limeshakuwa dumu, na anga ni pipa.

Twende kwenye namba. Puto kubwa la kubeba watalii linaweza kuwa na ujazo wa mita 10,000. Alfajiri ya Januari jangwani, nje nyuzi 15, hewa inayojaa nafasi hiyo ina uzito wa kama tani 12 na robo. Ipashe mpaka nyuzi 100, inabaki tani tisa na nusu hivi. Tofauti yake, kama tani 2.8, ndo nguvu ya kunyanyua kila kitu: kitambaa, kikapu, majiko, mitungi, rubani na nyinyi na simu zenu. Sasa njoo Julai, alfajiri hiyohiyo lakini nje tayari ni nyuzi 30. Ndani ni 100 kama mwanzo, ila nguvu imeshuka mpaka tani 2.2. Kilo 600 zimepotea hivihivi, ni watu wazima saba wameshushwa na hali ya hewa kabla safari haijaanza. Mchana wa nyuzi 42 ndo usiseme.

Mtu atauliza, si uongeze moto basi? Haiendi hivyo. Kitambaa ni nailoni, na nailoni ina kikomo, maputo mengi yanatakiwa yasizidi nyuzi 120 hivi pale kileleni, na kila ukiendekeza joto la juu kitambaa kinachoka mapema. Rubani anayo saa ya kumwonyesha joto la kilele, anaiangalia kama dereva wa lori anavyoangalia geji mlimani. Kwa hiyo hawezi kupandisha ndani atakavyo, kinachomsaidia ni nje kuwe na baridi. Ndo maana Dubai maputo yanaruka kati ya Oktoba na Mei hivi halafu kiangazi wanafunga virago, na ndo maana ukipanga safari wanakuuliza kilo zako bila aibu. Dada zangu, taja kilo za kweli, rubani hakuposi, anapiga hesabu.

Baridi ya jangwani inatoka wapi sasa? Hili linawashangaza hata wanaoishi mjini Dubai, maana mjini zege na lami vinatunza joto usiku kucha na bahari iko pale pale. Toka nje ya mji, barabara ya kuelekea Al Ain, sehemu za Margham ambako maputo mengi yanarukia, pembeni kuna Hifadhi ya Jangwa ya Dubai, kilomita za mraba kama 225. Kule hakuna mawingu ya kufunika, hewa ni kavu, mchanga ni mkavu na haushiki joto ndani sana, jua likizama tu ardhi inaanza kurudisha joto lake juu angani bila kizuizi. Hewa inayougusa mchanga inapoa kuliko ya juu yake. Hewa baridi ni nzito, inalala chini, imetulia tuli, haina sababu ya kupanda.

Na hapa kuna kitu ambacho ukiruka utakisikia mwilini na watu wengi hawakitegemei. Tumezoea kwamba ukipanda juu baridi inazidi, Kilimanjaro kule theluji. Alfajiri jangwani ni kinyume, ukipanda mita mia mbili au tatu mara nyingi unakuta hewa ya uvuguvugu, wengine wanafungua zipu za jaketi wakidhani ni yale majiko. Majiko yamo ndio, yanachoma utosi kwelikweli, lakini umeshatoka kwenye bwawa la hewa baridi na kuingia kwenye tabaka la joto juu yake. Kwa rubani tabaka hilo ni mtihani mdogo, kwa sababu nje kukiwa na joto ghafla ile tofauti inapungua na puto linakuwa zito, inabidi achome zaidi ili alivuke. Tofauti tena, unaona.

Halafu jua likishatoka saa inaanza kuhesabu. Mchanga ule ule uliopoa haraka unachemka haraka, hewa iliyoko juu yake inapata moto na kuanza kupanda vipande vipande, hapa inapanda, pale inashuka. Kwa ndege wakubwa kama tai hiyo ndo lifti yao, wanazunguka bila kupiga bawa. Kwa puto ni balaa, kwa sababu rubani hana mabawa wala injini ya kupambana nayo, akiingia kwenye hewa inayopanda anapandishwa, akitoka anashushwa. Kwa hiyo masaa mawili baada ya jua kuchomoza, tatu ikizidi sana, maputo yanatakiwa yawe yameshakunjwa na kuwekwa kwenye trela. Picha nzuri ya mawio mnayoifuata nyinyi ni bonasi tu. Wao wanafuata hewa iliyotulia, imetokea tu kwamba vyote viwili vinapatikana kwa wakati mmoja.

Tuje kwenye usukani. Puto halina, na siyo kwamba wamesahau. Rubani anaweza kwenda juu na chini tu, vingine vyote ni vya upepo. Ila upepo hauko mmoja. Chini unaweza kuwa unatoka milima ya Hajar kuelekea baharini, kwa sababu usiku hewa baridi inateremka kwenye mabonde, mita mia tatu juu ukawa umegeuka, na mita elfu moja ukawa mwingine kabisa na una kasi mara tatu. Kazi ya rubani ni kujua upepo gani uko ghorofa gani, halafu anapanda au kushuka kuufuata. Kaskazini ya ikweta upepo kwa kawaida unageukia kulia kadiri unavyopanda, kusini ya ikweta unageukia kushoto, kwa hiyo rubani wa Dubai na rubani wa Sossusvlei kule Namibia wanafikiria kinyume.

Anajuaje kabla hajaruka? Hii ndo sehemu ambayo watu huwa wanaipuuza kwa sababu bado wanahangaika na kahawa. Kukiwa bado giza, wakati kitambaa kimetandazwa mchangani, rubani anachukua kiputo kidogo, hiki sasa ni cha heliamu, wakati mwingine kimefungwa taa ndogo, anakiachia. Wote wanakiangalia kimya. Kinaanza kwenda kushoto, kinapanda, kinasimama kama kimesahau kitu, halafu kinakata kulia na kuondoka mbio. Kwenye zile dakika mbili tatu rubani ameshachora ramani nzima ya safari kichwani. Na ni katika dakika hizo hizo anaweza kugeuka na kusema leo hatuendi, wakati pale chini hata jani halitingishiki. Watalii wanalalamika, mbona hakuna upepo? Hakuna hapo uliposimama. Ile hewa baridi iliyolala chini inazuia upepo wa juu usifike ardhini, kwa hiyo usiku ule upepo wa juu unaweza kuwa unakimbia vizuri tu na wewe huna habari.

Mfano mkubwa kuliko wote wa kuendesha kwa kuchagua upepo ni Bertrand Piccard wa Uswisi na Brian Jones wa Uingereza, Machi 1999, walizunguka dunia nzima bila kutua kwa puto lililochanganya heliamu na hewa moto, karibu siku 20, na walitua wapi? Jangwani, Misri. Hapa kwetu tuna kisa cha Alan Root, yule mpiga filamu za wanyama wa Kenya, miaka ya 1970 alipita juu ya Kilimanjaro kwa puto akitokea Kenya, upepo ukamteremsha Tanzania, na mapokezi hayakuwa ya mashada ya maua, alishikiliwa kwa muda kwanza. Yeye huyo huyo ndo mmoja wa walioanzisha biashara ya maputo Maasai Mara, na huko ndiko ilikotokea mpaka leo Serengeti mtu analipa dola mia kadhaa kuangalia nyumbu kutoka juu. Kule ni nyasi, siyo jangwa, lakini saa ya kuamshwa ni ileile na sababu ni ileile.

Sasa zile hofu. Moto ukizimika angani puto linaanguka? Kwanza moto muda mwingi umezimwa! Rubani anawasha sekunde chache, anazima, mnakaa kimya mnasikia mpaka mbwa akibweka huko chini, anawasha tena. Hewa ya ujazo ule haipoi papo kwa papo, na hata ikipashwa haiitiki papo kwa papo, kuna sekunde kadhaa kati ya mwali na mwendo, kwa hiyo rubani mzuri anawasha kwa ajili ya mahali atakapokuwa, siyo mahali alipo. Majiko yako zaidi ya moja na kila moja lina njia yake ya gesi. Yakigoma yote kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra kwelikweli, puto litashuka kwa kasi na mtatua kwa kishindo, ila halidondoki kama jiwe kwa sababu kile kitambaa chote bado kimekamata hewa.

Gesi yenyewe ni propani, ndugu wa damu wa gesi ya mtungi wako wa jikoni, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani. Kwanini wao hawataki butani? Kwa sababu butani kwenye nyuzi sifuri inagoma kugeuka mvuke, inalala tu chini ya mtungi, lakini propani inachemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo inajisukuma yenyewe bila pampu. Inapanda kwenye bomba ikiwa majimaji, inazungushwa kwenye koili iliyouzunguka ule mwali, inageuka mvuke hapo hapo na kulipuka kwa mwali mrefu kuliko mtu mara mbili. Ule mlio unaotisha kwenye video, fooooo, ndo huo.

Ndege akilitoboa? Hakuna kitu. Puto la birthday linapasuka kwa sababu limebanwa na kufungwa. Hili liko wazi chini na halina presha ya maana, tundu dogo ni tundu dogo tu. Kwani hujui kwamba kileleni tayari kuna tundu la mita kadhaa? Limezibwa na kipande cha duara kama mwamvuli, rubani akivuta kamba kinashuka, hewa moto inatoka, puto linashuka, akiachia kinarudi kuziba. Anafanya hivyo mara nyingi njiani na hamjui. Kitambaa kuungua je? Sehemu ya chini kabisa iliyo karibu na mwali haijashonwa kwa nailoni, ni kitambaa cha jamii ile ya nguo za zimamoto.

Na upepo wa juu unapiga usoni? Haupigi. Mnakwenda na upepo, kwa kasi ya upepo, kwa hiyo ndani ya kikapu panakuwa kama sebuleni, nywele hazipeperuki. Ungewasha kiberiti mwali ungesimama wima, ila usijaribu, umesimama kati ya mitungi ya gesi na rubani atakutoa roho kabla ya ajali. Hili la kutosikia mwendo linasaidia hata waoga wa urefu. Ukiwa dirishani ghorofa ya ishirini jicho linafuata ukuta mpaka chini na kichwa kinazunguka, kwenye puto hakuna ukuta wa kufuata, wengi wanashangaa hofu haikuja. Siyo wote lakini. Wapo wanaokaa chini ndani ya kikapu safari nzima na kuona picha baadaye.

Hatari za kweli zipo, na ni tofauti na hizo tunazoziogopa. Ajali mbaya kuliko zote ni ya Luxor, Misri, Februari 26, 2013, walikufa watu 19 kati ya 21, na haikuwa kitambaa kuchanika wala upepo, gesi ilivuja wakati wa kutua na moto ukawaka ndani ya kikapu. Texas, Julai 2016, walikufa 16, puto liligonga nyaya za umeme. Na ya jangwani kabisa, Agosti 13, 1989 karibu na Alice Springs katikati ya Australia, puto lililokuwa linapanda lilikutana na kikapu cha puto lililokuwa juu yake, kitambaa kikachanika na watu 13 wote waliokuwemo wakafa. Fikiria hapo, rubani haoni juu, anaona kitambaa chake tu. Ndo maana sheria ya barabarani ya maputo ni kwamba wa chini ana haki na wa juu ndo anapisha, na ndo maana wanaongea kwenye redio kila mara. Kwa hiyo ukitaka kuogopa, ogopa gesi, nyaya na msongamano. Achana na ndege.

Kutua ndo kipande ambacho watu hawaandaliwi vya kutosha. Kwenye video puto linagusa mchanga polepole, na siku ya utulivu ni kweli. Siku ya upepo kidogo kikapu kinagusa, kinaruka, kinagusa tena, kinalala ubavu na kuburutwa mita kadhaa mchanga ukiingia mpaka masikioni. Siyo ajali hiyo, ni kutua. Mnafundishwa kabla hamjaruka: mgongo uelekee mnakokwenda, magoti yakunjwe, shika zile kamba za ndani, simu mfukoni, na usishuke mpaka uambiwe. Hilo la mwisho siyo adabu tu. Mtu wa kilo 90 akiruka nje kwa furaha, puto limekuwa jepesi kwa kilo 90 na linapaa na waliobaki. Na kile kikapu cha henzirani nilichosema siyo mapambo, ndo hapa kinapolipa, kinajikunja na kumeza kishindo ambacho bati au plastiki ngumu ingekirudisha kwenye magoti yenu.

Mnatua wapi? Rubani ana eneo, hana nukta. Gari la vijana wa chini linawafuata kwa redio, linapanda na kushuka vilima vya mchanga, saa nyingine nyinyi mmefika wao bado wanajikwamua. Hapo ndo utakuwa na muda wa kuuangalia ule mchanga kwa karibu, wekundu wake ni kutu ya chuma iliyogandia kila punje, na saa ile jua likiwa bado chini kila kilima kina upande wa moto na upande wa kivuli. Ukibahatika utaona choroa wa Uarabuni, wale weupe wenye pembe ndefu zilizonyooka, walishatoweka porini mwaka 1972 wakarudishwa, Oman ndo walianza 1982 na huku hifadhini Dubai wapo. Kampuni nyingine zinapanda na kozi, yule ndege wa kuwindia, kikapuni, anaachiwa angani na kurudi kwenye mkono wa mfugaji wake, mimi naona ni mbwembwe, lakini watoto wanapenda.

Kama unapanga kwenda, ya kuangalia ni machache. Desemba mpaka Februari baridi ni nzuri ila asubuhi za ukungu ni nyingi, usiweke safari ya puto siku ya mwisho kabla ya flight yako ya kurudi Dar au Nairobi, weka mwanzoni ili ikifutwa wakupangie siku nyingine. Wajawazito hawapandishwi, na mwenye mgongo au magoti mabovu au aliyetoka kwenye upasuaji aseme mapema, sababu ni ule utuaji. Vaa viatu vya kufunika, sandali zitajaa mchanga, vaa nguo za kuvua moja moja, na mrefu abebe kofia maana majiko yako karibu na kichwa chake kuliko cha wenzake. Soma kwenye risiti wanasemaje safari ikifutwa na wao kwa hali ya hewa, kampuni ya kueleweka inarudisha hela yote au inakupa siku nyingine bila longolongo. Ile inayokuhakikishia kwamba kwao safari haifutwi kamwe, usiilipe.